Mnara Wenye Jina la Baba

Mwezi uliopita nilipita kwa mafundi seremala, kule nyuma ya soko, nikitafuta mtu wa kunitengenezea kitanda cha mwanangu. Fundi mmoja alikuwa anapaka vanishi mlango. Harufu ile ilinikuta kabla sijamsalimia, nikasimama palepale. Fundi akaniuliza, "Dada, nikusaidie nini?" nami nikawa sijui nilichokifuata. Nilirudi nyumbani bila kuagiza kitanda. Nikabandika maji ya chai, nikakaa jikoni mpaka yakakaukia kwenye sufuria.

Kwangu vanishi ni harufu ya baba. Baba mwenyewe alinukia sabuni ya mche na dawa ya viatu, kwa sababu alikuwa askari na hakuweza kukaa mahali bila kupiga buti zake brashi. Vanishi ni harufu ya sanduku aliloletwa ndani yake. Lilifika kwa lori la jeshi wakati barabara ya kutoka Tunduma ikiwa bado vumbi tupu, na vumbi lilikuwa limetanda juu ya bendera iliyolifunika, hata wenzake wakalipangusa kwanza kwa viganja kabla ya kuliteremsha. Lakini chini ya vumbi lile harufu ya vanishi ilikuwa mbichi, kana kwamba fundi alikuwa amemaliza kazi asubuhi ileile.

Alikuwa amekwenda kulinda amani katika nchi ya watu. Nyumbani kwetu nchi ile haikutajwa kwa jina. Bibi, mama yake baba, aliiita "kule", mama naye akazoea kuiita hivyo, na mimi nilipoanza kuisikia redioni ikitajwa kwa jina lake nilichelewa kutambua kwamba ndiyo hiyo "kule" ya kwetu. Tulimzika Msanzi, kwenye shamba la bibi, siku ya upepo mkali ule wa Ufipa usiokuwa na kitu cha kuuzuia. Kabla ya kumshusha, bibi alimwendea mkubwa wa askari.

"Nifungulieni nimwone mwanangu," alisema.

"Mama, haturuhusiwi kufungua."

"Anayewakataza ni nani?"

"Ni maelekezo, mama. Tusamehe."

Bibi akaliangalia sanduku kwa muda. "Basi mnayemzika simjui," akasema, akaenda kukaa kwenye kinu kilicholazwa ukutani, akiwa amelipa kaburi mgongo. Watu walipomwendea kumpa pole, aliwajibu, "Poleni ninyi mliofiwa." Nilikuwa darasa la pili. Niliyasikia maneno yale na nikayaweka. Watu wazima waliyachukulia kuwa ni uchungu tu, nami nikayachukulia kuwa ni habari.

Baada ya mazishi tulirudi mjini Sumbawanga, mama na mimi. Mama alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mzee Salimu, mfanyabiashara aliyeuza vitambaa na kumwachia mama nafasi ya kuweka mashine yake bila maneno mengi. Mama alishona sare za shule. Alishona kuanzia asubuhi mpaka mwanga unapokwisha, na siku za baridi alivaa koti la jeshi la baba, mikono ikiwa imekunjwa mara mbili ili isinase kwenye sindano. Nikimkumbuka mama wa wakati ule, namkumbuka mguu wake. Ulikuwa ukikanyaga pedali hata akiwa amekaa kitandani, bila cherehani, ukipanda na kushuka wenyewe.

Mwaka huohuo walianza kujenga mnara wa simu kwenye kilima cha nyuma ya mtaa wetu. Sisi watoto tulikuwa tunakwenda kuwatazama mafundi wakipanda na vyuma vyekundu na vyeupe, na watu wakubwa walisema mnara huu ukikamilika utampata mtu yeyote, popote alipo. Kule Msanzi kwa bibi, aliyetaka kupiga simu alipanda kwenye kichuguu nyuma ya kanisa, akainua mkono, akashuka, akapanda tena. "Hapa hatuna mnara," walikuwa wakisema, "ndiyo maana hatuwapati watu wetu." Mambo haya niliyajua kama nilivyojua jina langu. Palipo na mnara watu wanapatikana. Pasipo na mnara watu wanapotea.

Siku alipokuja afande na barua, bibi alikuwapo. Alikuja mjini kutuletea maharage na alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya cherehani akiyachambua. Afande alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyezoea kupeleka habari za namna hiyo. Alivua kofia, akamwamkia bibi shikamoo, kisha akasoma ile barua kwa sauti na baadaye akaieleza kwa maneno yake.

"Serikali ya kule imejenga mnara," alisema, "kwa heshima ya askari wa kigeni waliokufa wakiwalinda wananchi wake. Jina la marehemu litakuwapo. Wanamwalika ndugu mmoja wa kila askari aende kushuhudia siku ya uzinduzi. Ndugu mmoja tu. Nauli ni juu yao."

Mama aliuacha mguu ukatulia. Bibi aliendelea kuchambua maharage.

"Umesema askari wa kigeni," bibi akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu ni mgeni wa nani?"

"Kule ndiko alikokuwa mgeni, mama."

"Kama alikuwa mgeni ana mwenyeji wake. Mwenyeji humsindikiza mgeni mpaka kwao. Wao wametuletea sanduku."

Afande akairudisha kofia kichwani. Akasema apewe jina na karatasi za atakayesafiri ifikapo Ijumaa ya wiki ya tatu, akaaga.

Mimi nilikuwa nimekaa chini ya meza ya kukatia, juu ya gunia la vipande vya vitambaa. Nilikuwa nimeelewa kila kitu. Baba alikuwa mgeni mahali fulani, na mgeni ni mtu aliye hai anayepikiwa na kutandikiwa. Hatukuweza kumpata kwa sababu kule hapakuwa na mnara. Sasa wamejenga mnara, tena wameuweka kwa jina lake. Kilichobaki ni mtu mmoja kwenda kupiga.

Wiki zile bibi hakurudi Msanzi. Alilala na mimi kitanda kimoja, na asubuhi nilikuwa naamka nikisikia ufagio wake uani. Mama akiinjika chai, bibi ameshaosha vikombe. Walikuwa wakipishana mlangoni kwa adabu kubwa kuliko kawaida. Hawakupandishiana sauti hata mara moja. Jioni moja tu ndipo walipoyasema, mama akiwa anapiga pasi sare za watu.

"Mimi nilimzaa," bibi alisema. "Wewe ulimpokea akiwa tayari anajua kujivisha."

"Najua, mama."

"Sasa kwa nini unataka kwenda?"

Mama aliisimamisha pasi ya mkaa. "Nataka kupaona tu. Kila nikilala napaota, na kila siku ni mahali pengine. Nikipaona nitajua ni pa namna gani, nitapumzika."

"Mimi nataka kumrudisha," bibi akasema.

Mama alimtazama. Nilidhani atamwambia kitu, lakini alikunja shati alilokuwa akilipiga pasi, akalilaza juu ya mengine. Alikuwa na mashati arobaini ya kumaliza kabla shule hazijafunguliwa. "Basi nenda wewe, mama," akasema. "Nenda."

Zikaanza hekaheka za karatasi. Bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Karatasi pekee aliyokuwa nayo duniani ilikuwa cheti cha ubatizo, kilichoandikwa kwa mkono na padri wa zamani, wino wake umekuwa rangi ya chai. Mama aliacha kushona siku mbili akampeleka mahakamani kula kiapo, akampeleka kupiga picha. Bibi alipopewa zile picha ndogo alizitazama sana, akasema, "Huyu ni marehemu mama yangu." Vitu vyote, cheti, kiapo na picha, vikawekwa kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati, vikimsubiri afande.

Nami nilikuwa na wasiwasi unaonila. Bibi hakujua kupiga simu. Simu ya Mzee Salimu ilipolia yeye aliitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani anayelia. Alhamisi, siku moja kabla ya afande kuja, nilimuuliza.

"Bibi, ukifika kwenye mnara utampataje?"

"Nitamwita."

"Utamwita kwa kitu gani? Utashika nini?"

"Nitamwita kwa mdomo wangu, mjukuu wangu. Akinisikia ataitika. Tangu mdogo alikuwa anaitika upesi."

Niliona kazi yote imeharibika. Bibi atasafiri njia yote ile, atasimama chini ya mnara, atapaza sauti kwa Kifipa kama anayefukuza ng'ombe wa Wasukuma watoke shambani mwake, na watu wataona ni mwendawazimu watamwondoa. Hatutapewa nafasi ya pili. Mama ndiye aliyejua kubonyeza namba. Mama ndiye aliyetakiwa kwenda.

Mchana ule bibi alikwenda kanisani. Mama alikuwa dukani. Nilivuta kiti, nikachukua bahasha, nikaibeba chini ya sweta mpaka barazani. Nikaitumbukiza katikati ya gunia la vipande vya vitambaa. Nia yangu ilikuwa ikae humo mpaka afande aje aondoke na jina la mama, kisha niirudishe. Lakini kila baada ya wiki mbili fundi magodoro alikuja kununua vile vipande vya kujazia mito yake, na Ijumaa ile asubuhi, nikiwa shuleni, alikuja akalibeba gunia zima.

Niliporudi nilikuta kabati limesogezwa na godoro letu limesimamishwa ukutani. Mama alikuwa amepiga magoti akichungulia uvunguni. Bibi alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono imeshikana mbele.

"Oliva, umeiona bahasha ya bibi?" mama aliuliza.

"Sijaiona," nikasema.

Nilikimbia barazani, nikaona mahali pa gunia ni patupu. Nikaenda mpaka kwa fundi magodoro, mbio, nikiwa na sare. Alikuwa na kijiwe chake karibu na kituo cha magari ya Kasesya, mpakani. Aliniambia mito ya leo imeshakwenda. Wafanyabiashara wa mpakani waliichukua yote muda si mrefu uliopita, ilikuwa inavuka kwenda Zambia. "Kwani ulikuwa umesahau nini, mtoto?" aliniuliza. Nikasema sikusahau kitu. Mpaka leo hufikiri kwamba huenda kuna mtu ng'ambo ya mpaka aliyelalia cheti cha ubatizo cha bibi yangu kwa miaka, akashangaa mto wake una sauti ya karatasi.

Afande alingoja mpaka alasiri. Alieleza kwamba Jumatatu asubuhi majina yanakwenda, na mahakama haifunguliwi Jumamosi wala Jumapili. Mama alikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, kimetunzwa ndani ya Biblia.

"Andika la huyu," bibi akamwambia afande.

"Mama, tunaweza kutafuta tena," mama alisema.

Bibi alimgeukia. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Mama Oliva, ungeniambia tu kwamba hutaki niende. Ningerudi zangu Msanzi."

"Mama, mimi sijaigusa."

"Haya."

"Mungu ni shahidi, sijaigusa."

"Nimesema haya."

Kesho yake asubuhi bibi aliondoka. Mama alimkaangia mayai, akamtilia chai, na chai ile ikabaki mezani ikiganda juu. Bibi alinishika kichwa kuniaga. Mama hakumuaga. Nilisimama mlangoni na nilijua nitakalolisema, sentensi moja tu, na sikuisema. Nitakuwa mkweli, kwa sababu nimeshakua vya kutosha kutojifanya: pamoja na hofu yote ile nilikuwa na furaha. Mama anakwenda. Baba atapatikana.

Mama alisafiri siku tisa, nami nikabaki kwa mke wa Mzee Salimu, aliyenilisha wali na kunisuka nywele. Siku ya sita simu ya duka ililia, Mzee Salimu akaniita akanipa. Ilikuwa nzito na ya moto sikioni. Sauti ya mama ilitoka mbali, ikifuatwa na mwangwi wake wenyewe.

"Oliva, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo mama. Umefika kwenye mnara?"

"Nimefika. Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe."

"Umempata?"

Nilisikia mwangwi wa swali langu, kisha mama akasema, "Nimempata. Yupo, mstari wa tatu."

Ndipo ikakatika.

Yupo. Sijui kama nimewahi kupewa neno zuri kuliko lile. Nilimwambia mke wa Mzee Salimu kwamba baba yupo, akanitazama, akanivuta kifuani pake, nami nikafikiri anafurahi pamoja nami. Siku tatu zilizobaki nilitembea nikiwa mwepesi. Nililifua koti la baba lililokuwa msumarini, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu ya miaka minane, likachukua siku mbili kukauka kwa ile baridi.

Mama alirudi alasiri, miguu imevimba, kitambaa cha kichwani kimelegea. Alikaa kitandani akavua viatu kwa kusukuma kimoja kwa kingine. Nilisubiri aseme. Nikamuuliza, "Anakuja lini?"

"Nani?"

"Baba. Ulisema umempata kwenye mnara. Alisemaje?"

Niliona uso wake ukienda mbali na kurudi, akipanga vitu ambavyo havikuwa vimepangika. Akauvuta mfuko wake, akatoa picha kubwa ambayo kila familia ilipewa, akanikalisha karibu naye.

Ulikuwa ukuta. Ukuta wa mawe meusi yaliyong'arishwa, usiozidi urefu wa mlango, umezungukwa na maua ya kwenye makopo. Hapakuwa na vyuma, wala nyaya, wala taa nyekundu juu. Palikuwa na majina yamechongwa, safu kwa safu, na kwenye mstari wa tatu lilikuwapo jina la baba, limekosewa herufi moja. Mama alisema aliwaambia, na kijana mmoja aliandika kwenye daftari. Sijui kama walirekebisha.

"Huu ndio mnara?"

"Ndiyo huu, mwanangu. Kumbukumbu nayo huitwa mnara."

"Sasa baba yuko wapi?"

"Baba yuko Msanzi. Pale tulipomweka." Alisema polepole, kwa subira, kama mtu anayerudia hesabu. "Kule liko jina lake tu."

Nilikaa na ile picha mapajani. Nikasema, zaidi kwa kujisemea, "Kama ni jina tu, basi hata bibi angeweza kwenda."

Mama akanigeukia. Mguu wake ulikuwa umetulia kabisa.

"Oliva. Bahasha iko wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia yote, kichuguu cha Msanzi, kupiga namba, gunia, mito. Nilingoja anichape. Aliegemea ukuta, akafumba macho, na kwa muda mrefu nilifikiri amelala.

"Siku zote hizi," alisema hatimaye, "nilikuwa najiuliza kama kweli niliificha mimi nikasahau. Nilitaka sana kwenda." Akafumbua macho. "Kesho tunakwenda kwa bibi."

"Mama, umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Kesho tunakwenda."

Tulipata lori la mbolea, dereva akatukalisha mbele. Mama alisinzia njia nzima, kichwa kikigonga kioo, akiamka na kuomba radhi kwa dereva kila mara. Tulifika Msanzi jua likiwa limesimama. Bibi alikuwa ndani, kwa sababu ya upepo, amekaa kwenye mkeka karibu na mafiga. Nilimwamkia, akaitikia. Mama alimwamkia, akaitikia pia, lakini kwa kutazama moto.

Mama akanisukuma kidogo mgongoni. Nikapiga magoti nikasema. Nilisema vibaya, nikianza mwisho na kurudi mwanzo, na nilipofika kwenye cheti cha ubatizo nikarudi tena kwenye gunia. Bibi hakunikatiza. Nilipomaliza alichukua kijiti akasogeza makaa.

"Ulitaka mama yako ndiye aende."

"Ndiyo, bibi. Ili ampigie."

"Na wewe ungepewa uongee, ungemwambia nini?"

Hili hakuna aliyekuwa ameniuliza, hata mama. Jibu nilikuwa nalo kwa muda mrefu, tangu siku ya mazishi.

"Ningemuuliza kama ni yeye tuliyemzika."

Bibi alinitazama sasa kwa mara ya kwanza, akanitazama kama mtu ambaye ameona kitu alichokiacha mahali siku nyingi kimeokotwa na mtoto. Akanyoosha mkono akanivuta mpaka nikakaa mkekani ubavuni pake, akaniwekea kiganja kichwani, kizito.

"Ni yeye," alisema.

"Ulisema humjui."

"Nilisema hivyo. Lakini ni yeye. Nilijua walipokuwa wanalishusha sanduku." Akasogeza makaa tena. "Sikutaka kumwacha aende, basi. Usimuulize tena mtu swali hilo. Mimi ndiye bibi yako, nimekujibu."

Mama alikuwa ameketi sakafuni kando ya mlango, mgongo ukutani. Bibi alimgeukia. Nilitaka amwombe msamaha, nilitaka mmoja wao aseme neno ambalo lingefunga jambo lile. Bibi alisema tu, "Mama Oliva, umepaona hapo mahali?"

"Nimepaona, mama."

"Ni pa namna gani?"

Mama alifikiri. "Pa kawaida," akasema. "Barabara, maduka, watoto wanatoka shule. Mwanamke mmoja tuliketi naye, alitoka nchi nyingine, hatukuelewana lugha. Alinishika mkono tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni pa kawaida tu, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu. Akaomba picha. Mama alimpa, na bibi akaisogeza kwenye mwanga wa moto, akaishika mbali, akaishika karibu, ingawa hakujua kusoma. "Nionyeshe," akaniambia. Nikaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Akaweka chake mahali nilipotoa changu, akakaa nacho pale.

Kisha akasogeza kidole chini kidogo.

"Na hawa wengine?"

"Ni askari wengine, bibi. Wa nchi nyingine."

"Watoto wa nani?"

"Sijui."

"Soma basi."

Nikaanza kusoma. Majina yale sikuwahi kuyaona popote. Mengine yalikuwa na herufi tatu zilizosongamana bila irabu, mengine yalikuwa marefu mpaka ukingoni mwa jiwe. Niliyoyaweza niliyasoma, nisiyoyaweza niliyataja herufi moja moja. Kila nilipomaliza jina bibi aliitikia, "Eeh," kama mtu anayepokea salamu, akalirudia kwa ulimi wake kadiri alivyoweza, kisha akangoja linalofuata. Hakuruka hata moja. Niliposoma mawili kwa pamoja alinirudisha.

Nilikuwa nimefika katikati ya ukuta aliponigusa goti ninyamaze. Mama alikuwa amelala palepale alipoketi, kichwa kimeinama upande, mdomo wazi kidogo, miguu iliyovimba imenyooshwa sakafuni. Miguu yote miwili ilikuwa imetulia. Bibi aliinuka kwa kushika ukuta, akafungua kitenge chake cha mabegani, akamfunika mama kuanzia kidevuni, akachomeka pembe yake nyuma ya bega ili kisidondoke. Akarudi kuketi na kuchukua picha.

"Endelea," aliniambia. "Ila soma polepole, mama yako amelala."